Furaha ya watu wa mlimani haipimwi kwa swali moja

Kwa Mhariri,

Kila tarehe 20 Machi inapokaribia, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga kuwa Siku ya Kimataifa ya Furaha, redio na magazeti yetu hurudia hadithi ya Bhutan, nchi ndogo iliyo katika milima ya Himalaya, ambayo inasemekana iliupa mgongo utajiri na sasa watu wake wana furaha kuliko binadamu wengine wote. Ningeiacha hadithi hiyo ipite kama inavyopita kila mwaka, ila sasa baadhi ya viongozi wetu wa Mlima Elgon wameidaka na kuipeleka barazani. Tunaambiwa kwamba watu wa mlimani, hata wakikosa lami na daktari, wana utulivu wa moyo ambao watu wa Bungoma mjini na Kisumu hawawezi kuununua. Naomba nafasi katika ukurasa wako nieleze kwa nini maneno hayo yanapingwa na takwimu za Bhutan yenyewe.

Ni kweli kwamba katika miaka ya 1970 mfalme wa nne wa nchi hiyo, Jigme Singye Wangchuck, alisema furaha ya taifa ina uzito kuliko pato la taifa, na kwamba katiba yao ya mwaka 2008 inaitaka serikali ijitahidi kuweka mazingira yatakayowawezesha watu kuitafuta furaha hiyo. Lakini hawakuishia kwenye kauli. Mwaka 2010 waliwahoji zaidi ya watu 7,000 katika wilaya zote 20, na matokeo yakaonyesha kwamba ni takriban asilimia 41 tu waliofikia kiwango cha kuitwa wenye furaha. Mwaka 2015 walikuwa asilimia 43.4, na mwaka 2022 asilimia 48.1, yaani hata sasa zaidi ya nusu hawajafika. Zaidi ya hayo, utafiti wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba watu wa mijini walikuwa na furaha kuliko wa vijijini, wanaume kuliko wanawake, waliosoma kuliko wasiosoma, na wakulima walikuwa nyuma ya makundi mengine ya kazi. Kiongozi anayeitaja Bhutan ili kumsifu mkulima maskini wa mlimani kwa furaha yake anamtaja shahidi ambaye ushahidi wake unamwangusha.

Kuna vipimo viwili ambavyo mara nyingi huchanganywa. Kimoja ni kile cha ripoti ya furaha duniani inayotolewa tangu mwaka 2012, ambapo mtu huombwa afikirie ngazi yenye vipandio kuanzia sufuri hadi kumi, aseme maisha yake yako kwenye kipandio kipi. Kwa kawaida huhojiwa watu wapatao 1,000 katika kila nchi kwa mwaka. Hiki ndicho kipimo kinachoiweka Finland juu ya orodha mwaka baada ya mwaka tangu 2018, na katika ripoti ya mwaka 2019 Bhutan yenyewe ilikuwa nafasi ya 95. Sikidharau, kwa maana kinaruhusu nchi kulinganishwa. Hata hivyo, katika watu 1,000 wa Kenya nzima sijui ni wangapi wanaweza kutoka Kopsiro au Cheptais, na hata wangetoka, karani wa mipango wa kaunti angefanya nini akiambiwa kwamba mama mmoja yuko kwenye kipandio cha nne?

Kipimo cha Bhutan kimejengwa kwa namna nyingine kabisa, na hapa ndipo ningependa wasomaji wako wakae kidogo. Kina nyanja tisa zenye uzito sawa, kuanzia afya, elimu na hali ya maisha, hadi matumizi ya muda, utamaduni, ujirani, utawala, mazingira na hali ya nafsi. Nyanja hizo zimegawanywa katika viashiria 33, na kila kiashiria kina kiwango cha kutosha. Mtu hahitaji kuvifikia vyote, ila akifikia theluthi mbili huhesabiwa miongoni mwa wenye furaha. Mtu huulizwa amelala saa ngapi, na kiwango ni saa nane. Huulizwa amefanya kazi saa ngapi, na katika kazi hizo huingizwa kupika, kufua na kulea watoto, ambazo kwetu hazihesabiwi mahali popote. Huulizwa kama anawaamini majirani zake. Na mkulima wa kijijini huulizwa kama wanyama wa porini wanamharibia mazao, na kwa kiasi gani.

Swali hilo la mwisho liliponifikia machoni nilikumbuka sensa ya mwaka 2019, nilipokuwa msimamizi wa makarani katika kata moja ya huku juu. Tulikuwa na vishikwambi, na maswali yalikwenda moja baada ya jingine: paa la nyumba ni la nini, maji yanatoka wapi, unapikia nini, ng'ombe wangapi, kuku wangapi. Kwenye boma moja lililopakana na msitu, bibi mmoja alijibu yote kwa upole, kisha karani alipofunga kishikwambi chake akasema, "Mwalimu, mmehesabu mabati na kuku wangu, lakini hamjauliza nalala wapi." Alituonyesha kibanda cha nyasi katikati ya shamba la mahindi, chenye moto unaofuka na debe bovu la kupigia kelele. Nyani humaliza mahindi mchana, na mara mojamoja ndovu hutoka msituni usiku, kwa hiyo tangu mahindi yaanze kubeba hadi yavunwe yeye na wajukuu hulala kwa zamu humo. Wajukuu hao ndio wanaosinzia darasani, jambo ambalo sisi walimu tulizoea kuliita uvivu. Kwenye takwimu zetu boma hilo lina mabati, lina mifugo na lina chakula. Kwa kipimo cha Bhutan lingeonekana limepungukiwa usingizi, muda na usalama wa mazao, na mambo hayo matatu serikali inaweza kuyafanyia kitu, iwe ni uzio, askari wa wanyamapori walio karibu, au fidia inayolipwa kabla mwathiriwa hajazeeka akiisubiri.

Simaanishi tunakili karatasi yao ya maswali. Mahojiano ya mtu mmoja kule yamekuwa yakichukua saa kadhaa, na mengine yanahusu ibada na kazi za mikono za kwao ambazo hazina maana kwetu. Sisi tungeuliza kama mzazi anaweza kufika hospitali usiku wa mvua, kama mtu ana hati ya shamba analolilima, kama bado kuna jirani wa kumwachia mtoto, na kama tangu miaka ya vita vya ardhi mtu anaweza kupita kijiji cha ukoo mwingine bila wasiwasi. Miaka ya 2006 hadi 2008 iliacha majeraha huku ambayo pato la kaunti, linalotangazwa na Shirika la Takwimu kwa mabilioni ya shilingi, halina mahali pa kuyaandika.

Lipo pia doa ambalo wanaoisifu Bhutan hulipitia mbali. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, watu zaidi ya 100,000 wa jamii ya Lhotshampa, wenye asili ya Nepal, walifukuzwa au kulazimika kuihama nchi hiyo na kuishi kambini mashariki mwa Nepal kwa miaka mingi, hadi wengi wao walipopewa makao mapya ng'ambo, hasa Marekani. Utafiti wa mwaka 2010 haukuwauliza chochote, kwa sababu hawakuwapo nyumbani kuulizwa. Kipimo kinaweza kuwa na viashiria 33 vilivyochongwa vizuri na bado kikampoteza mtu aliyeondolewa kwenye daftari kabla karani hajapiga hodi. Nalitaja hili kwa sababu sisi tuna jamii ya Waogiek wa Chepkitale, hapa mlimani, ambao ardhi yao ilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 2000 na ambao walilazimika kwenda mahakamani Bungoma, wakapata hukumu mwaka 2022 kwamba ardhi hiyo ni ya jamii. Tunazo pia familia zilizotoka Chepyuk, hapa hapa mlimani, wakati wa vita vya ardhi na zinazopanga vyumba hadi leo Kimilili na Kitale. Tukipima hali ya watu wa mlimani tukawaacha hao, matokeo yatapendeza na yatakuwa ya uongo.

Mpango wa maendeleo wa kaunti unaotumika sasa unaisha mwaka 2027, na ule utakaofuata utaandaliwa kwa utaratibu uleule tunaoujua: mkutano mmoja katika makao makuu ya wadi, watu wanapewa soda, mzee mmoja anaomba barabara, mwingine anaomba zahanati, na mengine huandikwa ofisini. Napendekeza kwamba Bungeni mwa Kaunti ya Bungoma, na kwa jirani zetu wa Trans Nzoia tunaogawana nao mlima huu, itengwe fedha kidogo kabla ya mikutano hiyo ili vijana waliofanya kazi ya ukarani wa sensa, ambao maboma wanayajua na lugha wanaijua, wapite nyumba kwa nyumba na maswali yasiyozidi thelathini. Wamhoji mama peke yake na mume peke yake, kwa maana saa za kazi za mama hazijulikani vizuri na mumewe. Matokeo yabandikwe kwa kila wadi katika ofisi ya chifu, na kamati ya bajeti ilazimike kuandika, mbele ya kila kiashiria kilicho chini ya kiwango, ni shilingi ngapi zimetengwa na katika mwaka upi. Penye sufuri iandikwe sufuri.

Kuhusu viongozi wanaotuambia kwamba tayari tuna furaha, ningewaomba wawe wa kwanza kuhojiwa, na swali la kwanza liwe walilala saa ngapi jana na wapi.

Mwalimu mstaafu,
Kapsokwony, Kaunti ya Bungoma