Ati cheti changu ni risiti

Shangazi shikamoo,

Nakuandikia saa tisa usiku, wote wamelala, mi niko jikoni na simu yenye chaji asilimia 11, nimefungua kurasa za kozi mpaka simu inaganda, na kila nikifumba macho naiona ile karatasi yangu ikigeuzwa. Mkuu wa shule aliigeuza nyuma, Shangazi, kama mtu anayetafuta bei. Halafu akasema, "Mama, hiki si cheti, hii ni risiti."

Najua naanzia katikati. Pale shuleni nimejitolea miaka 3 sasa. Nilianza mwanangu wa mwisho alipoingia darasa la kwanza, mwalimu wake akawa ananiomba nije siku mbili kwa wiki, mara niwasomee hadithi, mara nikate makaratasi, mara nikae pembeni na wale ambao herufi haziwakai kichwani. Sikulipwa na sikudai, naomba hilo ulishike maana kuna watu wanasema nilikuwa najipendekeza nipate kazi. Sikujipendekeza. Kama ningetaka kazi ningeomba mwaka wa kwanza.

Humo darasani kuna kijana mmoja ana usonji, haongei. Mwanzoni kengele ikilia alikuwa anaingia chini ya meza na kuziba masikio, na walimu walikuwa wanamuacha huko huko. Tukamtengenezea kadi za picha, ya choo, ya maji, ya nje, ya "imetosha", nikawa nazivaa shingoni kwa kamba. Zile kadi akazikubali baada ya muda mrefu sana, lakini kitu cha kwanza alichoniambia hakikuwa kwenye kadi. Anagonga meza mara mbili kwa kifundo cha kidole, taratibu, ko ko, na ukiisikia hiyo una kama dakika moja ya kumtoa nje kabla hajalipuka. Ukichelewa, viti vinaruka. Hilo hakunifundisha mtu, alinifundisha yeye.

Basi mwaka huu ikatangazwa nafasi ya mwalimu msaidizi, wa kulipwa, darasa lile lile. Tangazo likasema "awe na cheti kinachotambulika". Mi nikapata kihoro. Nikaingia mtandaoni usiku kama hivi, nikakuta kozi imeandikwa ina ithibati ya kimataifa, saa 20, unasoma kwa simu, cheti unatumiwa siku hiyo hiyo. Nikalipa akiba yangu ya miezi minne. Maswali ya kuchagua A, B, C, ukikosa unarudia hapo hapo mpaka upate, nikapata asilimia 96 nikafurahi kama mjinga. Hakuna hata siku moja ya kuingia darasani, hakuna mtu wa kuja kukuangalia ukifundisha. Nilijiambia darasani nishakaa miaka 3, wataniangalia nini tena? Wiki iliyopita ndo nimeitafuta hiyo bodi iliyotoa ithibati. Ina ukurasa mmoja tu, na namba ya simu ni ile ile ya waliouza kozi.

Kwa hiyo ndio, najua, niliuziwa mbuzi kwenye gunia. Usianze na hilo Shangazi, nimeshajisema vya kutosha.

Ila mkuu, nilipompelekea kile cheti, angeweza kuniambia nikiwa peke yangu. Mle ofisini kwake kulikuwa na walimu wawili na karani, na mmoja wa wale walimu akacheka. Huyo aliyecheka ndiye aliyekuwa ananitumia meseji saa moja asubuhi nikamshikie darasa kwa sababu kachelewa. Mkuu akaongeza kwamba hata hivyo utafiti umeonyesha wasaidizi wanarudisha watoto nyuma, kwa hiyo wao wanataka "mtu aliyeandaliwa". Nikasema asante mwalimu. Yani nilisema asante! Nikaichukua karatasi yangu nikatoka.

Huo utafiti nimeutafuta, kwa hasira. Upo kweli, ni wa Uingereza, ulifanyika kuanzia 2003 hadi 2008, na uliona kwamba wanafunzi waliokuwa wakisaidiwa zaidi na wasaidizi walipiga hatua ndogo kuliko wenzao waliofanana nao. Lakini ukisoma mbele hawakusema wasaidizi ni wabaya, wamesema ni namna wanavyotumiwa. Msaidizi hapewi muda wa kukaa na mwalimu kabla ya kipindi, anaingia hajui leo wanasoma nini, anaachiwa wale wanaohitaji mwalimu kuliko wote, na akikaa na mtoto anakimbilia kazi iishe badala ya mtoto aelewe, mwisho anampa jibu. Nikasema hayo ndiyo niwapelekee, maana miaka 3 hakuna aliyewahi kunionyesha andalio la somo, nilikuwa naisoma mada ubaoni pamoja na watoto.

Halafu nikakaa kimya. Kwa sababu kuna binti mmoja wa hesabu, nilikuwa namuelekezea penseli kwenye jibu. Nilifanya mara nyingi. Mwalimu akipita anakuta daftari limejaa vema, wote tunafurahi. Kumbe kuna namna yake, nimesoma juzi, wataalamu watatu Wood, Bruner na Ross waliandika mwaka 1976, wakafananisha na jukwaa la mafundi wa ujenzi, kwamba unamshikilia mtoto pale tu asipofika mwenyewe, na kadiri anavyoweza unabomoa jukwaa lako polepole. Mi nilikuwa sibomoi. Sasa hili sijamwambia mtu yeyote na sitaki lionekane kama yule mkuu alikuwa na haki, maana hakuwa anajua hilo, yeye alisema risiti basi.

Nafasi akapewa binti wa miaka 22, ana cheti cha kweli. Simchukii. Wiki ya kwanza tu akanitumia meseji, "Dada samahani, akigonga meza anamaanisha nini?" Nilimjibu Shangazi. Nilimjibu kesho yake mchana.

Tuje kwenye kozi ndo shida yenyewe. Nimesoma mpaka kichwa kinauma na kila mtu ana lake. Ukiangalia Uingereza, ambako hizi kozi nyingi za mtandaoni zinakopi majina, hakuna sheria inayosema msaidizi lazima awe na cheti fulani, kila shule inaamua yenyewe, lakini wana vyeti vya usaidizi vya ngazi, levo 2 na levo 3 iliyo juu yake, na shule nyingi zinavitaja kwenye matangazo. Ukienda Marekani, zile shule zinazopokea fedha za serikali kuu za Title I, yaani za kusaidia shule zenye watoto wengi wa familia maskini, msaidizi wa kufundisha lazima awe amesoma chuo miaka 2, au awe na shahada ndogo ya miaka 2, au afaulu mtihani wa kupima kusoma, kuandika na hesabu. Sasa mtu kama mimi ananunua cheti kwenye simu bila hata kuuliza shule yake inataka kipi. Ningeuliza! Ofisi ya karani iko hatua kumi kutoka darasani kwetu.

Chuo nilichokiona, na hiki nimehakikisha kimesajiliwa, nimepiga simu kwa wasajili wenyewe safari hii, kina njia tatu. Ipo levo 2, miezi michache, inakupa misingi, ulinzi wa mtoto, jinsi watoto wanavyokua, kumsaidia mwalimu kwenye somo, na fildi yake, yaani mazoezi ya shuleni, ni fupi. Ipo levo 3, inachukua mwaka au zaidi, hiyo lazima uwe ndani ya shule muda wote unaposoma, mwalimu wa chuo anakuja anakaa nyuma ya darasa na kalamu yake, na unajaza faili la ushahidi, hili nimefanya lini, na mtoto yupi bila kumtaja jina, nani ameona, asaini. Halafu ipo ya mahitaji maalumu, ambayo roho yangu ndo ipo huko kwa sababu ya yule kijana, lakini wanataka uwe na moja ya zile mbili kwanza.

Mwalimu wa mwanangu anasema nichukue levo 2, nisijibebeshe, nikipata kazi nitasoma mbele. Wifi yangu, yeye ni mwalimu, anasema nisipoteze muda na vyeti vya usaidizi, nikasomee ualimu kabisa miaka 3, kwa sababu msaidizi hata awe na levo ngapi bado atatumwa chaki. Mume wangu anasema, si una cheti tayari? Hajui. Nilimwambia nafasi ilishajaa. Anaona bado naangalia kozi, ananiuliza hivi ile hela ya kwanza ilienda wapi, nakwepa nazungumzia mboga.

Mi ualimu sitaki. Nimesema hivyo kwa wifi zaidi ya mara tano. Sitaki kusahihisha madaftari 50, sitaki mitihani, nataka kukaa kwenye kile kiti kidogo pembeni na mtoto mmoja mpaka aelewe. Hiyo ndo kazi naiweza. Lakini kuna siku kama leo najiona nimevaa joho la kuhitimu naingia pale ofisini naiweka shahada juu ya meza yake, nasema haya mwalimu, igeuze na hii. Na nikiwaza hivyo nalala vizuri, sijui hiyo ni dalili ya nini. Miaka 3 ya kusomea kazi nisiyoitaka ili mtu mmoja ageuze karatasi.

Levo 3 ndo naitaka nadhani. Kwanza inaendana na niliyofanya, pili ile ya kukaliwa nyuma ya darasa naiogopa, na nikijiuliza kwa nini naiogopa narudi kwa yule binti wa hesabu, kwa hiyo labda ndo naihitaji. Shida ni kwamba hiyo fildi lazima uitafute mwenyewe, chuo hakikutafutii. Nimeandikia shule mbili nyingine, moja haijajibu, nyingine imesema haipokei watu wa nje kwa sasa. Inabaki ile ya kwangu. Na wa kusaini ni mkuu yule yule. Sasa nirudi mle ofisini, nikae kwenye kiti kile kile, nimuombe aliyeniita risiti anisainie niwe mwanafunzi chini ya binti wa miaka 22 anayefanya kazi yangu? Watu wataniona sina aibu. Au nichukue levo 2, fildi yake ni fupi, pengine hata shule ya jumapili ya watoto wataikubali, sijauliza, ili tu nisimuone usoni? Lakini nikichukua levo 2 kwa kumkimbia mtu nitakuwa nimechagua kozi kwa ujinga mara ya pili.

Tena usifikiri naogopa kusoma. Nina miaka 41, nilimaliza sekondari na matokeo yangu si mabaya, vyeti vyangu vya kweli ninavyo kwenye bahasha. Ile kozi ya simu sikuichukua kwa uvivu, niliichukua kwa haraka, ni vitu viwili tofauti ingawa yule mkuu hakutofautisha. Angeniuliza tu swali moja kuhusu darasa lile. Moja. Angeniuliza yule kijana anatulizwaje. Wale walimu wawili wote wasingejua, na yeye asingejua. Aliangalia karatasi, akaigeuza, basi.

Juzi nilipita getini kumchukua mwanangu, kijana akaniona. Hakuja. Alisimama pale kwenye nguzo ya varanda, akagonga nguzo mara mbili. Yule binti alikuwa anaongea na mzazi, hakusikia. Nikasimama nje ya geti nimeshika mkoba, siruhusiwi kuingia tena vipindi vya asubuhi kwa sababu sasa "kuna mtu wa nafasi hiyo". Nikamuita yule binti kwa sauti, akageuka, akamuwahi. Akanipungia mkono. Anajifunza, sisemi hajifunzi.

Kwa hiyo Shangazi swali langu ni levo 2 au levo 3, na kama kuna watu wanaoanza na miaka 41 shule zikawakubali. Nadhani ndo hilo. Usiniambie nimsamehe kwanza, nitasamehe kwa muda wangu. Na tafadhali usitaje shule wala usiweke lile la mboga, mume wangu anakusoma.

Fomu inafungwa Ijumaa. Nimejaza kurasa zote, picha nimebandika, imebaki sehemu moja tu pale chini, jina na saini ya mkuu wa shule utakapofanyia mazoezi. Nimeiandika kwa penseli nikafuta, mara mbili sasa, karatasi imeanza kuchakaa hapo.

Ni mimi msomaji wako,
Mama wa kiti cha pembeni