Barua kwa Zuhura: Ngoja Kidogo Kabla ya Kumleta Anemoni

Mombasa

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi sote wazima, na watoto wanakuulizia kila siku. Nimefurahi kusikia tangi lako limeshajaa maji ya chumvi na samaki wawili wamo ndani. Ila uliposema Jumamosi unakwenda kununua anemoni, yule mnyama laini wa baharini mwenye minyiri kama maua, nimeona heri nikuandikie kabla hujatoa pesa.

Ngoja kwanza, dada. Tangi la mwezi mmoja bado halijatulia. Bakteria wanaoondoa sumu ya amonia ndio kwanza wanaanza kushika kwenye mawe, na kila maji yanapopungua kwa mvuke chumvi inapanda. Samaki anaweza kuvumilia. Anemoni hunywea, mdomo ukaachama, na akifa huoza upesi akawachafulia wenzake maji. Wafugaji wengi husubiri nusu mwaka au zaidi, nami nawaunga mkono.

Halafu kuna taa. Mwilini mwa anemoni unayemtaka mnaishi mwani mdogo usioonekana kwa macho, nao humlisha kwa nguvu ya mwanga, kwa hiyo taa ya pambo haimtoshi. Ukimkuta dukani mweupe pepepe, usimchukue hata wakikusifia uzuri wake. Mwani umemtoka, ana njaa. Chagua wa hudhurungi au kijani, mdomo umefumba, mguu haukuchanika. Muulize muuzaji katoka wapi pia. Aina hii hujigawa yenyewe, mmoja akawa wawili, kwa hiyo anaweza kupatikana wa tangini, na mwamba wetu ukabaki na wake.

Wangu namlisha kipande kidogo cha kamba mara moja kwa wiki. Nazima pampu kwanza. Kipande kikigusa mnyiri tu, kinanata. Mnyiri unajikunja, ya jirani inainamia pale pale, na chakula kinasogezwa taratibu mpaka katikati, mdomo unakipokea na kufumba. Hapo huwa sitaki hata kusemeshwa.

Pampu yako ivishe sponji mdomoni, maana anemoni hutembea. Asipopapenda mahali hung'oa mguu akahama usiku, na pampu ikimvuta humkatakata. Maji ya bomba ya Nairobi yana klorini, basi tumia yaliyochujwa, chumvi gramu 35 kwa lita, na hita ishike nyuzi 25 au 26, hasa Julai. Dawa ya samaki yenye shaba usiitie kabisa.

Nakusisitizia hivi kwa sababu mnyama huyu ana umri mrefu. Mwaka 1828 Sir John Dalyell, mtafiti wa viumbe, alimwokota anemoni mmoja pwani ya Uskoti akamweka kwenye chombo cha kioo. Dalyell alifariki 1851, wengine wakaendelea kumtunza, na anemoni akaishi hadi 1887. Walimwita Granny, yaani Bibi. Hakuwa na taa wala pampu, alibadilishiwa maji ya bahari tu. Lakini yule alikuwa wa mawe ya ufukweni, maji yakipwa anabaki juani na kwenye upepo. Wako ni wa mwambani, kazoea maji ya hali moja.

Pima maji kila wiki, unitumie vipimo kwa WhatsApp. Chumvi ikikaa palepale na amonia isipoonekana kwa miezi kadhaa, nitapanda treni nije, twende dukani pamoja.

Wako akupendaye,
Mwanaisha