Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati ya utendaji nawasilisha taarifa ya mwaka ambao, kwa uamuzi wenu katika mkutano uliopita hapa Mbeya, tuliutumia kujifunza jambo moja: injini za ndege za abiria zinazotumia hidrojeni. Hesabu zitasomwa na mweka hazina. Mimi nagusia tu kwamba ada bado zinachelewa.

Tulianza tukiamini, pengine kwa kuwa wengi wetu ni mafundi, kwamba ugumu upo kwenye injini. Kumbe ndege ya Kisovyeti Tu-155 iliruka mwaka 1988, injini yake moja ikiunguza hidrojeni, na Novemba 2022 kampuni ya injini Rolls-Royce na shirika la ndege easyJet waliwasha kwa gesi hiyo injini ya ndege ya AE 2100 huko Uingereza. Machi 2023 ndege ya Dash 8, ya ukoo mmoja na zile zinazotua uwanja wetu wa Songwe, iliruka Marekani upande mmoja ukiendeshwa kwa umeme wa hidrojeni, ingawa kampuni iliyoifungia mfumo huo ilifungwa mwaka uliofuata kwa kukosa fedha.

Kinachotesa ni tangi. Kilo moja ya hidrojeni ina nishati karibu mara tatu ya kilo ya mafuta ya ndege, lakini hata ikipozwa hadi nyuzi 253 chini ya sifuri ili iwe kimiminika, huhitaji nafasi karibu mara nne kwa nishati ileile. Mabawa hayaitoshi, matangi huingia ndani ya bodi na kula viti. Kampuni ya kuunda ndege ya Airbus, iliyotangaza mwaka 2020 kwamba ndege yake ya hidrojeni ingeanza kazi 2035, mwaka 2025 iliahirisha lengo hilo.

Wapo kati yetu waliosisitiza kwamba kinachotoka ni maji tu. Sivyo kabisa, kwa sababu hidrojeni ikiunguzwa hewani huzaa pia oksidi za nitrojeni, yaani gesi zinazochafua hewa, na sehemu kubwa ya hidrojeni ya dunia bado hutengenezwa kwa gesi asilia. Hata hivyo, ile ya jaribio la Uingereza ilitoka visiwa vya Orkney huko Scotland, ikitengenezwa kwa umeme wa upepo na wa maji ya bahari kupwa na kujaa.

Kwa hiyo kamati inapendekeza mwakani tuiache injini, tuchunguze umeme wa kutengenezea hidrojeni: maporomoko ya Kihansi, upepo wa Makambako na joto la ardhi la Ngozi, tukipima kama umeme huo unaweza kubaki baada ya mahitaji ya majumbani. Watakaojitolea wajiandikishe kwa katibu kabla mkutano haujafungwa.

Mwenyekiti