Jamhuri za baharini zitapeperusha bendera ya nani?

Mhariri,

Naomba nafasi nichangie hoja ya wale wanaoamini kwamba watu wanaweza kuhamia baharini, wakajenga makazi yanayoelea na kuishi humo bila kodi wala serikali. Walibertaria wa Marekani, yaani watu wanaotaka serikali iwe ndogo kabisa au isiwepo, waliounda Taasisi ya Seasteading mwaka 2008 kwa msaada wa fedha za bilionea Peter Thiel, hupenda kuzungumzia uhandisi: mawimbi, kutu na dhoruba. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sehemu nyepesi, kwani kampuni za mafuta zimewalaza wafanyakazi wao kwenye majukwaa ya baharini kwa miongo mingi.

Kikwazo ni sheria. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 unaipa nchi ya pwani, na hiyo peke yake, mamlaka ya kujenga au kuruhusu visiwa bandia ndani ya ukanda wake wa kiuchumi, ambao unaweza kufika maili 200 za baharini. Ukitoka hapo ukaingia bahari kuu, meli isiyo na bendera ya nchi yoyote inaweza kusimamishwa na kukaguliwa na manowari ya taifa lolote. Kwa hiyo anayeikimbia serikali yake hulazimika kuazima bendera ya wengine.

Waliojaribu bila kuazima tunajua yaliyowapata. Giorgio Rosa, mhandisi wa Italia, alitangaza jamhuri yake juu ya jukwaa la mita 400 za mraba mwaka 1968, nje ya maji ya Italia, na bado Italia ililipua jukwaa hilo mwaka uliofuata. Mwaka 1972 Tonga iliyatwaa matumbawe ya Minerva, katika bahari ya Pasifiki, kutoka kwa waliokuwa wameyatangaza kuwa nchi. Sealand, ngome ya zamani ya kijeshi baharini karibu na Uingereza inayojiita nchi, ipo tangu 1967, ni kweli, lakini hakuna dola inayoitambua, na Uingereza ilipopanua bahari yake hadi maili 12 mwaka 1987, ngome hiyo ikajikuta ndani.

Kisa kinachonifundisha zaidi hakina hata risasi moja. Mwaka 2020 wapenzi wa sarafu za kidijitali walinunua meli kubwa ya kitalii, wakaiita Satoshi, wakapanga kuitia nanga Panama na kuuza vyumba vyake kama makazi ya kudumu. Walikwama kwenye bima. Hawakupata kampuni ya kuikatia meli hiyo bima waliyoihitaji, ikauzwa kabla ya wakazi kuhamia.

Njia pekee ninayoiona ni kupatana na nchi mwenyeji, ingawa hapo ule uhuru kamili unakuwa umeshawekwa kando. Taasisi ya Seasteading ilitia saini makubaliano ya namna hiyo na Polinesia ya Ufaransa, visiwa vya Pasifiki vilivyo chini ya Ufaransa, mwaka 2017, lakini mpango ulipingwa na wenyeji na kufikia 2018 ulikuwa umevunjika.

Msomaji wako.