Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Klabu ya Chesi, Tanga

Ndugu wanachama, wazazi na walezi, asalaam alaykum na habari za mchana.

Mengi ya mwaka huu mnayajua. Ukumbi wa hapa Ngamiani tumeendelea kuupata, ada zimelipwa kwa kusuasua lakini zimelipwa, na hesabu mhazini atazisoma baada yangu. Mimi nina jambo moja: injini za chesi, yaani programu zinazokokotoa hatua bora, zilizo kwenye simu zetu.

Mwezi wa Ramadhani, baada ya futari, tulicheza mtandaoni na wenzetu wa mji mwingine. Kijana wetu mmoja alishinda michezo yote. Nilipoirudia, nikaona kila hatua, iwe nyepesi ya kula kete ya bure au nzito ya kutoa ngome mhanga, ilimchukua sekunde zile zile saba au nane, ilhali anayefikiri mwenyewe hukawia kwenye nzito. Nilimwita pembeni. Hakubisha, simu ya dada yake ilikuwa pajani. Tulirudisha ushindi, tukawaandikia wenzetu barua ya kuomba radhi, nao wakatupokea kiungwana.

Kijana ameadhibiwa, na jina lake litabaki kwa kamati. Lakini ni mimi niliyemzoesha kuwasha injini iitwayo Stockfish kila alipokwama, kwa kuwa ni ya bure na iko mkononi. Nilimpa majibu kabla hajalielewa swali. Hilo limeniuma mwaka mzima.

Jaribu hili halichagui umri wala cheo. Mwaka 2019 huko Strasbourg, Ufaransa, Igors Rausis, mwenye cheo cha grandmasta, cha juu kabisa katika chesi, alikutwa akitumia simu chooni wakati wa mashindano. FIDE, shirikisho la chesi la dunia, ilimvua cheo na kumfungia miaka sita. Deep Blue, kompyuta iliyomshinda bingwa wa dunia Garry Kasparov mwaka 1997, ilikuwa mashine kubwa kama kabati. Leo simu ya kawaida inamzidi bingwa wa dunia.

Kwa hiyo darasa la Jumamosi tumelibadilisha. Mchezo ukiisha, mtoto anaandika kwanza kwenye daftari: alitaka nini, aliogopa wapi, wapi alibahatisha. Injini inawashwa mwisho. Binti mmoja wa darasa la sita aliandika kwamba ana askari wa ziada, ile kete ndogo, basi lazima angeshinda. Injini ikaonyesha 0.00, yaani sare. Hakuridhika, nami nikafurahi kwamba hakuridhika. Tukapanga kete mkekani: wafalme wawili wanatazamana, mraba mmoja katikati, askari wake nyuma ya mfalme, na zamu ni yake. Akaenda kushoto, akaenda kulia. Mfalme wa mpinzani akamkabili kila mara. "Kumbe anayelazimika kuondoka ndiye anayeumia," akasema. Injini ilimpa namba tu. Sababu aliitafuta mwenyewe.

Kamati inaomba mridhie haya. Mechi za mtandaoni tuzichezee hapa ukumbini, pamoja. Injini isifunguliwe mchezo ukiendelea. Na sisi watu wazima tuache kutonya. Kwenye kijiwe cha drafti, mtazamaji kuropoka "kula huyo!" ni sehemu ya raha, lakini hapa kwetu ushauri wa mdomo ni sawa na ule wa simu.

Mama mmoja mlezi ametusukia kapu la ukindu la kuwekea simu. Mkikubali, Jumamosi litakuwa mezani kwa mwamuzi, na simu yangu ndiyo itakayotangulia kuingia.