Baba Chela, kuja na ile nailoni nyembamba ya kuvua

Baba Chela, habari ya Nakuru, mama Chela hajambo, watoto je? Sisi huku tuko salama, mathe anakusalimia na anauliza kama umenenepa. Najua tumenyamaziana tangu Krismasi, wewe hujapiga na mimi sijapiga, kwa hivyo tuko sare, hiyo tuiache hapo.

Nakuandikia juu ya mto. Nilitaka kupiga simu lakini kwa simu utaanza kucheka kabla sijamaliza, na hii story nataka uisome yote.

Sondu imeshuka bana. Si ile kushuka ya kila Januari. Pale juu ya daraja, yale mawe meusi tulikuwa tunaona vichwa tu, sai unakaa juu yake unaanika nguo. Na maji yametakata. Wewe unajua huu mto karibu mwaka mzima ni chai ya maziwa, udongo wote wa mashamba unapita hapa ukienda Ziwa Victoria, lakini sai mvua imekataa hadi huko juu Mau na maji yamekuwa meupe mpaka ukiangusha shilingi unaiona imelala upande gani. Chini ya kizuizi ndio kabisa, maji mengi yanaingizwa kwa ile handaki ya kwenda mtambo wa stima, ule wa megawati 60, kwa hivyo kule kwa mto wenyewe kumebaki vidimbwi vimeshikana na vijito. Sisi tunavua huku juu.

Sasa sikia. Kwa lile shimo la mkuyu, unalijua, pale Kadogo alipoteza kiatu, kuna fwani, yule samaki wetu wa mtoni mwenye ndevu. Si mmoja, wako kadhaa, lakini kuna mmoja mkubwa, kutoka kwa kiwiko changu anapita ncha ya vidole na bado mkia unabaki. Nimemwona kwa macho yangu, sijaambiwa na mtu. Anasimama chini kabisa akiangalia kule maji yanatoka, mkia unacheza kidogo tu, halafu saa zingine anainama kupekua katikati ya mawe na ubavu unamweka rangi ya shaba, unazima. Tunda la mkuyu likianguka majini anapanda. Hana haraka. Anapanda, anameza, anarudi palepale.

Na hashikiki.

Siku ya kwanza nilienda venye sisi huenda, nikasimama wima juu ya lile jiwe, jua liko nyuma yangu. Kichwa changu kilianguka kwa maji, namaanisha kivuli, na shimo lote likabaki tupu. Kumbe hawa watu wanaishi huku wakiangalia juu. Maji yakiwa na tope hakuna anayekuona, unaweza hata kucheza isukuti hapo ukingoni, lakini maji yakitakata na kuwa mafupi hivi, samaki anakuona kabla wewe hujamwona, na kama hajakuona amekusikia miguu, juu ukikanyaga ukingo kwa nguvu ule mtikisiko unaingia majini. Unakumbuka yule mzee wa Sosiot aliyekuwa anabebea wazungu wa majani chai vifaa vya kuvua akiwa kijana? Alikuwa anatuambia tutembee kama tunaenda kuiba kuku na sisi tulikuwa tunamcheka. Mzee alikuwa anasema ukweli mtupu. Samaki analala akiangalia mkondo, kwa hivyo unamwendea kutoka chini, kutoka nyuma yake, na unaenda ukiwa umechutama, juu kadiri uko chini ndivyo hakuoni. Sai naenda na ile shati yangu ya kijani ya kazi, natambaa kwa nyasi, watu wa bodaboda wanaopita kwa daraja wanafikiri nimefiwa.

Hiyo sehemu nimeiweza. Nafika karibu na hajui. Shida ni laini.

Hapa kwa duka wanauza nailoni moja tu, ile nene ya watu wa ziwa, ya kuvuta mbuta. Nimetoa chubwi, juu ikipiga maji wote wanatawanyika, nimetoa hata boya, nimeweka panzi mzima kwa ndoano ndogo kabisa niliyopata nikamwacha aelee na maji taratibu aingie chini ya mkuyu. Fwani akapanda. Wueh! Roho ilinikaa mdomoni. Akapanda hadi pua yake ikabaki kama inchi mbili hivi na panzi, nikaona hadi zile ndevu zake, akamfuata akirudi nyuma na maji, anamwangalia, anamwangalia, halafu akazama. Nikajiuliza ameona nini. Kisha nikaangalia chini, jua lilikuwa limepanda, na pale kwa changarawe kulikuwa na mstari mweusi unatembea. Kivuli cha nailoni! Kivuli cha nailoni kilikuwa kinene kuliko miguu ya panzi. Mimi mwenyewe singekula hiyo kitu.

Kwa hivyo ile nailoni shemeji yako alikuletea kutoka Uingereza, ile nyembamba ya kuvuta uzito wa paundi nne, yenye ulisema ni ya kushonea vifungo, usishonee kitu. Hiyo ndio nataka.

Fundi Saa anasema napoteza wakati. Kwake yeye kiangazi si msimu, anasema ngoja mvua ya Machi ianze, maji yachafuke, fwani na ningu, yule samaki mwingine wa mtoni, wapande mto kutaga, hapo unatupa nyungunyungu na kamba ya mbuzi na bado unashika. Ni kweli, sikatai. Lakini hiyo ni kuvua ukiwa umefungwa macho, unashika kile kimepita. Sai ndio unaona samaki anaishi aje, anakula wapi, asubuhi yuko wapi na saa sita anaenda wapi. Saa sita, kwa mfano, hawakai kwa shimo, wanahama hadi pale maji yanagongagonga mawe, juu maji yakipata joto hewa inapungua ndani yake na pale yanaporuka ndio yanaipata. Hiyo Fundi Saa hajui na amevua hapa tangu azaliwe. Nilipomwambia akaniuliza kama samaki ndio wameniambia.

Na ningu nimeona! Si wengi na si wakubwa, lakini wapo. Hao hata usijaribu na ndoano, mdomo wao uko chini, wanakwangua ule ukijani wa mawe. Maji yakiwa meupe hivi unaona mawe yamekwanguliwa mistari mistari mifupi, upande mmoja msafi, mwingine bado una ute. Babu alikuwa anasema walikuwa wakipanda hapa wakati wa mafuriko hadi migono inajaa usiku mmoja, kabla nyavu za nailoni hazijapangwa kule mto unapoingilia ziwani na kushika majike na mayai yao tumboni. Miaka ya 50 na 60 hiyo, sisi tumezaliwa tukakuta hadithi tu. Ndio maana nilipoona hiyo mistari nilikaa hapo muda mrefu na mathe akatuma mtoto kunitafuta.

Sasa ile kitu inaniumiza kichwa. Maji yakiwa hivi si mimi pekee naona samaki. Kuna vijana wa upande wa pili wamekuja na chandarua, hizi za mbu, wameziba kijito kimoja wakabeba kila kitu, hadi vitu vidogo kama kucha. Nimewaambia, wakasema mto si wa babangu. Hiyo bado ni afadhali. Kadogo amenidokezea kuna mwenye anataka kumwaga dawa ya kuogesha ng'ombe kwa shimo la mkuyu. Dawa! Na akina mama wanachota maji hapo chini. Sheria ya uvuvi ya 2016 imekataza sumu waziwazi, lakini kule ziwani kuna BMU, ile kamati ya wavuvi wa ufuo, huku mtoni ni wewe na Mungu wako. Nimeongea na mzee wa mtaa, amesema ataongea nao, unajua kuongea kwake. Kwa hivyo nashinda hapo kila jioni, nusu navua nusu nalinda, na sijui hata nikimshika huyo fwani nitafurahi ama nitaona nimewasaidia kazi. Wacha kwanza nimshike.

Kumla nitamla, usinielewe vibaya. Miiba yake ni mingi kama unavyojua, lakini mathe anamchanjachanja ubavu karibu karibu kwa kisu kikali halafu mafuta yakiwa moto sana, miiba yote inaungua unatafuna tu.

Nyinyi huko shida yenu ni kinyume, ziwa lilipanda hadi likameza geti ya park na hakuna hata mahali pa kutupa ndoano bila askari kukushika. Pole sana. Kuja huku. Unapanda matatu ya Kericho, hapo unachukua ya Sondu, ukitoka asubuhi, saa kumi jioni tuko kwa maji, na hiyo ndio saa yenyewe, jua limeenda upande wa mkuyu na kivuli chako kinaanguka kwa nyasi.

Sasa nijibu. Nailoni bado iko ama mama Chela alishafungia mapazia? Ni mita ngapi zimebaki? Zile ndoano ndogo ulizonunua Naivasha unazo? Utapata off lini, juu nasikia Mau kumeanza kupiga radi jioni na ikinyesha huko hata kama hapa ni kukavu, siku inayofuata maji ni chai tena? Ukikosa off unaweza kutuma na dereva, yule mjomba wa Kadogo bado anafika Nakuru? Na zile pesa za kikundi, ulituma ama ulisahau, juu mwekahazina ananiangalia mimi vibaya? Halafu jibu la mathe, umenenepa ama hapana?