Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Theluji kwenye Njia Zetu za Baiskeli

Ndugu wanachama,

Nawasalimu nyote, hasa mlioamka kabla ya alfajiri msimu huu mkiwa na beleshi mkononi.

Mwaka jana niliwaambia kazi yetu ni kuondoa theluji. Leo nakiri nilikosea. Theluji mpya ya kimo cha vidole viwili, baiskeli inapita. Kinachotuangusha ni lile tuta linaloachwa ukingoni na magari ya kusukuma theluji, hasa pale njia ya baiskeli inapokutana na mtaa mwingine. Hapa Minneapolis, Marekani, jiji likitangaza dharura ya theluji, kazi ya magari hayo huchukua siku tatu: kwanza barabara kuu, siku ya pili upande wa nyumba zenye namba shufwa, siku ya tatu upande wa witiri. Kila gari likipita, tuta husogea au huongezeka. Njia uliyoisafisha Jumatatu, Jumatano huikuti.

Mnakumbuka ajali ya Januari. Dada yetu alikuwa ametoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, saa kumi na moja alfajiri, akitaka kushuka kwenye njia ya baiskeli ya Midtown Greenway. Njia ile, iliyo bondeni ilikopita reli ya zamani, ilikuwa safi. Shida ilikuwa pale pa kuingilia njia. Akabeba baiskeli kuvuka tuta, mguu ukakanyaga barafu nyembamba upande wa pili, mkono ukavunjika kifundoni. Nilikwenda pale mchana. Tuta lilifika magotini, rangi ya majivu, alama za matairi zimegandia ndani yake, na beleshi lilipoligonga lilitoa mlio kama limepiga jiwe. Chini yake maji yalikuwa yakichuruzika kwa jua la adhuhuri. Hayo ndiyo yanayoganda usiku. Namshukuru Mungu, amepona na leo tuko naye.

Tangu siku hiyo tuliacha kuhangaika na urefu wote wa njia. Tuligawana makutano, watu wawili wawili, na kila jozi iliingia kazini mara tu gari lilipopita. Tuta, kama samaki, hukunjwa likiwa bichi. Kazi ya dakika chache jioni, kesho yake asubuhi inataka sururu.

Wengi mmeniuliza kuhusu kumwaga chumvi ili kuyeyusha barafu. Chumvi ya kawaida huanza kushindwa baridi ikifika kama nyuzi 9 za Selsiasi chini ya sifuri, na Januari yetu hushuka zaidi ya hapo. Tena haipotei: kijiko kimoja cha chai kinatosha kuchafua galoni 5 za maji, na mitaro yetu humwaga kwenye maziwa na mto Mississippi, tunakopeleka watoto kiangazi. Ndiyo maana kamati ilinunua mchanga. Kule Oulu, Finland, theluji ya njia za baiskeli hushindiliwa ikawa ngumu, ikamwagiwa kokoto ndogo, na watoto wanaendesha kwenda shule. Sisi hatuna mashine za namna hiyo, lakini mchanga umeshika matairi yetu vizuri.

Majirani nao. Sheria humpa mwenye nyumba saa 24 kusafisha njia ya miguu mbele yake, na baadhi yao theluji hiyo waliitupa kwenye njia ya baiskeli. Tulikwenda kubisha hodi. Hakuna aliyetufukuza, mzee mmoja hakujua kabisa kwamba kuna watu wanaopita pale na baiskeli wakati wa baridi. Sasa anaitupa uani.

Tulichoshindwa ni wikendi. Makutano mawili yalibaki bila mtu, kwa sababu sisi viongozi tulipanga ratiba bila kuuliza zamu zenu za kazi. Nawaomba radhi.

Hesabu atazisoma mweka hazina. Mabeleshi yako kwa katibu. Mawili yanahitaji mipini mipya. Kabla ya Novemba, kila mmoja ampe katibu siku zake za zamu na makutano anayopita kila siku, ili apangiwe hapo hapo anapopita.

Mwenyekiti